Mteja wa ng'ambo ya Kobero hakujui: mwandikie akujue

MFANYABIASHARA wa Muyinga mwenye maharage ghalani ana wanunuzi Ngara, Kahama na pengine mpaka Mwanza. Shida ni kwamba yeye hawajui, nao hawamjui. Anayewajua wote ni dalali aliyesimama Kobero na simu mbili mkononi.

Dalali hana kosa kwa kujua. Kujua ndiko mtaji wake. Anajua mnunuzi wa upande wa Kabanga yuko tayari kulipa kiasi gani, na anajua muuzaji wa upande wa Kobero atakubali kiasi gani akichoka kusubiri. Tofauti ya bei hizo mbili inabaki mfukoni mwake. Ikiwa mzigo ni parachichi zilizotoka Gitega kupitia Karusi, muuzaji amekwisha kulipia gari na wapakiaji, na parachichi lililoanza kulainika halimsubiri mtu. Jioni ikifika bila mnunuzi, bei ni ile atakayotajiwa.

Makala haya yanahusu njia moja ya kupunguza hasara hiyo, ambayo wafanyabiashara wadogo wa mipakani wengi hawajaitumia: kuandika kuhusu biashara yako mahali ambapo mtu asiyekufahamu anaweza kukusoma. Mahali hapo huitwa blogu. Ni kurasa zako mwenyewe kwenye intaneti, unazoziandika kidogo kidogo, andiko jipya likikaa juu ya la zamani, na yale ya zamani yakibaki palepale yakiendelea kusomwa.

Kuna sababu ya kulizungumza jambo hili sasa. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara nchini humo. Katika orodha hiyo kuna uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Kuna pia udalali, na ununuzi wa mazao mashambani. Mrundi aliyekuwa akifikiria kukodi kibanda Kabanga au Ngara ili awe karibu na wateja wake, njia hiyo imekuwa nyembamba. Lakini amri hiyo haimzuii Mtanzania kuja Muyinga au Gitega, kununua na kuvusha mzigo wake kwa utaratibu. Kwa hiyo swali limegeuka. Si tena namna gani uhamie kwa mteja, ni namna gani mteja ajue kwamba upo na akufuate.

Stetasi hufa kesho yake

Wengi watasema: mimi tayari naweka picha WhatsApp. Ni vizuri, endelea. Ila fahamu mipaka yake. Picha uliyoiweka kwenye stetasi hutoweka baada ya saa 24, na wanaoiona ni wale wenye namba yako ambao nawe unayo yao. Maana yake unawatangazia wanaokujua tayari. Kwenye makundi ya biashara, tangazo lako la asubuhi huzikwa mchana na matangazo 60 ya wengine, pamoja na salamu na dua.

Mtu wa Kahama anayetafuta maharage ya njano kutoka Burundi hayumo kwenye kundi lako. Anachofanya ni kuandika maneno kwenye Google: «maharage ya njano Burundi», «bei ya parachichi Gitega», «nyumba ya wageni Muyinga». Google haiwezi kumwonyesha stetasi yako. Inaweza kumwonyesha ukurasa ulioandikwa na mtu, hata kama uliandikwa miezi minane iliyopita.

Na kwa kuwa walioandika kwa Kiswahili kuhusu bidhaa za Burundi ni wachache, ukurasa wako hauna msongamano wa kushindana nao. Anayeuza viatu Nairobi akiandika neno «viatu» anapambana na maduka elfu. Anayeandika «vikapu vya Gitega, bei ya jumla» anaweza kukuta uwanja mtupu.

Walioanza na kalamu kabla ya gunia

Mfano ulio karibu nasi hauko mbali na Gitega. Mwaka 2011 familia moja ya Kimarekani, Ben na Kristy Carlson, ilihamia Burundi kwa ajili ya kahawa. Kristy ni mpiga picha, naye alianza kuandika blogu waliyoiita Long Miles Coffee Project. Hakuandika matangazo ya «karibu mteja». Aliandika maisha ya vilimani: wakulima wanavuna vipi, mvua imenyesha au haijanyesha, familia yao inaishije mahali pageni, barabara imekatika wapi.

Wakaangaji wadogo wa kahawa wa Ulaya na Marekani walisoma. Walikuwa watu wa biashara ndogo pia, wenye mashine moja ya kukaangia na duka moja, wanaotaka kujua kahawa wanayomuuzia mteja wao imetoka kwa nani. Carlson walijenga kituo cha kuoshea kahawa Bukeye, katika eneo la Muramvya, kisha cha pili Heza, upande wa Kayanza. Kahawa yao huuzwa kwa jina la kilima ilikotoka: Gaharo, Gitwe, Ninga, Munyinya. Jina la kilima ambacho hata mtu wa Bujumbura huenda hajakifika linasomwa kwenye mfuko wa kahawa ng'ambo ya bahari.

Kuna somo kubwa zaidi katika kisa hicho. Kahawa ya nchi za Maziwa Makuu ina ugonjwa unaojulikana: punje moja moja hutoa harufu ya kiazi kibichi, na huhusishwa na mdudu aitwaye antestia anayetoboa tunda. Mfanyabiashara mwingine angenyamaza na kuomba Mungu mnunuzi asigundue. Wao waliliandika jambo hilo waziwazi, na wakaeleza wanavyowatuma vijana mashambani kumsaka mdudu huyo. Mnunuzi aliyesoma alijua kasoro, na alijua pia kuna watu wanaoishughulikia. Anayesema ila ya bidhaa yake kabla hajaulizwa huaminiwa anapotaja uzuri wake.

Msomaji anaweza kusema hao walikuwa na Kiingereza, kamera na jamaa ughaibuni. Ni kweli, na si kila mtu anauza kahawa Marekani. Lakini mnunuzi wako wewe hayuko Marekani, yuko Ngara. Kiswahili unacho, na kamera imo kwenye simu yako.

Muyinga penyewe pana ushahidi kwamba mahali padogo panaweza kujulikana mbali. Mwaka 2012 wasanifu majengo wa BC Architects kutoka Ubelgiji, wakifanya kazi na shirika la ODEDIM la hapo Muyinga, walijenga maktaba kwa matofali ya udongo uliogandamizwa, na ndani wakatundika wavu mkubwa wa kamba za katani ambapo watoto hujilaza wakisoma. Jengo si kubwa. Lakini picha zake, michoro yake na maelezo ya namna lilivyojengwa viliwekwa kwenye intaneti kwa ukamilifu, na leo wanafunzi wa usanifu wa nchi nyingi wanalijua jina Muyinga kwa sababu hiyo. Udongo ule ule, watu wale wale. Kilichoongezeka ni kwamba mtu alieleza.

Kiswahili kinafika wapi

Issa Michuzi, mpiga picha wa Tanzania, alianza blogu yake ya Kiswahili mwaka 2005, wakati ambapo wengi waliamini intaneti ni ya Kiingereza. Ikawa mahali pa Watanzania wa ndani na wa nje kuona habari za nyumbani, na waandishi wengi wakamfuata. Funzo lake ni rahisi: msomaji wa Kiswahili yupo, na akiona lugha yake hukaa.

Kwa mfanyabiashara wa Burundi jambo hili lina uzito wa pekee. Kirundi kinakutosha sokoni Gitega. Kifaransa kinakutosha ofisini. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo rasmi tarehe 1 Julai 2007, sasa ina nchi nane, na lugha ya soko inayokutoa Kobero hadi Kahama, Mombasa, Bukavu na Lubumbashi ni Kiswahili. Gitega na Muyinga zote zina watu waliozaliwa ndani ya lugha hiyo. Wajerumani walipoifanya Gitega makao yao mwaka 1912, biashara ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuzoea njia hizo. Mtaji huo umelala.

Usione haya na Kiswahili chako cha Burundi. Mnunuzi hatafuti ushairi, anatafuta maharage. Ila jihadhari na majina ya bidhaa yanayotofautiana. Unachokiita kwa jina la Kirundi, kitaje pia kwa jina ambalo mtu wa Ngara hulitumia, na weka picha. Yeye akitafuta atatumia neno lake, si lako.

Andika kile mteja anachouliza

Kosa la wengi ni kuandika sifa zao: sisi ni bora, sisi ni waaminifu, karibuni nyote. Maneno hayo yanasemwa na kila mtu, tapeli akiwa wa kwanza. Andika majibu ya maswali unayoulizwa kila siku dukani. Una maswali hayo kichwani tayari, maana umeyajibu mara mia.

Tuchukue mama mwenye ghala dogo Muyinga. Andiko lake linaweza kuwa fupi kama hili:

«Maharage ya njano, mavuno mapya. Leo ni tarehe 20 Juni. Nina magunia 12 ya kilo 100, yamekaushwa juani siku nne na kupepetwa. Machache yamevunjika, tazama picha ya tatu. Bei ya leo ni faranga …… kwa kilo, ukichukua gunia tano na kuendelea inapungua. Bei inaweza kubadilika wiki ijayo. Ghala liko karibu na soko kuu la Muyinga. Gari la mzigo kwenda Kobero hupatikana asubuhi. Njoo uone kabla ya kulipa.»

Hayo ni maneno yasiyofika 80. Yana kiasi, ubora, kasoro, bei, tarehe, mahali na njia. Mnunuzi wa Ngara akiyasoma hana haja ya kuuliza «bei gani?» na kujibiwa «njoo inbox». Ujumbe wake wa kwanza utakuwa wa mtu aliyekaribia kununua:

«Shikamoo mama. Nimesoma habari za maharage yako, niko Ngara. Yale ya njano yamebaki magunia mangapi?»

«Marahaba mwanangu, karibu. Yamebaki saba. Nikutumie picha ya leo?»

Mazungumzo mawili tu, na hakuna aliyepoteza vocha.

Gitega ina nafasi nyingine. Tangu ulipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, huku Bujumbura ikibaki mji wa biashara, wanaofika Gitega kwa shughuli za serikali wana maswali ya wageni: nilale wapi, nile nini, nipate wapi gari la kurudi. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita hawezi kushindana kwa mabango. Anaweza kuandika andiko linaloitwa «Namna ya kufika Gishora kutoka mjini Gitega». Gishora ni patakatifu pa ngoma, kilomita chache kaskazini mwa mji, na ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Andiko la pili linaweza kuhusu Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955: yako wapi, yanafunguliwa lini, kiingilio ni kiasi gani.

Mgeni anayetafuta habari za Gishora hakuwa akitafuta chumba chako. Lakini amesoma maelezo yako, yamemsaidia, na chini ameona kwamba mwandishi ana vyumba safi mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Atalala wapi?

Msusi wa vikapu afanye vivyo hivyo. Aeleze agaseke, kile kikapu chenye kifuniko cha ncha, husukwa kwa majani gani, huchukua siku ngapi, ukubwa wake kwa sentimita, na jinsi ya kukisafirisha bila kuvunjika umbo. Mwenye duka la zawadi Mwanza au Arusha haulizi hadithi kwa ajili ya starehe. Anaihitaji hadithi hiyo ili naye amwambie mteja wake kwa nini kikapu hiki ni ghali kuliko cha plastiki.

Bei, sarafu na tarehe

Wengi huogopa kuandika bei wakihofia washindani. Lakini mshindani wako jirani anaijua bei yako tangu asubuhi, amemtuma mtoto kuulizia. Asiyeijua ni mteja wa mbali, na bila bei atadhani ni kubwa au atapita tu.

Andika bei kwa faranga za Burundi, na kama una wateja wa Tanzania weka pia kadirio la shilingi. Kila bei iambatane na tarehe, kwa sababu thamani ya sarafu zetu haitulii. Bei isiyo na tarehe ni chanzo cha ugomvi. Mzigo ukiisha, rudi kwenye andiko lako uandike juu: «Umeisha, mwingine unatarajiwa mwezi ujao». Dakika moja hiyo hukuokoa simu 20 za bure, na humwonyesha msomaji kwamba mwenye ukurasa yupo hai.

Hali ya mpaka nayo ni habari. Januari 2024 Burundi ilipofunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda, kulikuwa na watu waliokuwa tayari njiani. Anayeandika mara kwa mara hali ya barabara, uhaba wa mafuta, siku za gulio na mabadiliko ya utaratibu, watu humfungulia kila asubuhi hata wasipotaka kununua. Siku wakitaka kununua, jina la kwanza kuwajia ni lake.

Mweleze mteja namna ya kuvuka

Hapa ndipo andiko la mfanyabiashara wa mpakani linapompita mwenye duka la kawaida. Mnunuzi mdogo wa Tanzania huenda anaitaka bidhaa yako, lakini anaogopa mpaka. Hajui atalipa nini, na hofu hiyo ndiyo inayomtupa kwenye njia za panya au mikononi mwa anayemtoza kwa kumtisha. Mwandikie hatua kwa hatua.

Mweleze kwamba Kobero na Kabanga ni Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, maofisa wa nchi mbili wakihudumia mahali pamoja. Mweleze kuhusu Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya: mzigo usiozidi thamani ya Dola za Marekani 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hutolewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na haulipiwi ushuru wa forodha. Mweleze pia upande wa pili, kwamba kusamehewa ushuru wa forodha hakufuti kodi nyingine wala ukaguzi. Mazao huhitaji cheti cha afya ya mimea, na bidhaa za kiwandani zinaweza kuulizwa alama ya ubora, kwa BBN upande wa Burundi na TBS upande wa Tanzania.

Kabla ya kuchapisha, pita ofisi ya mapato, OBR, uhakikishe kila hatua uliyoiandika, kisha weka tarehe ya siku uliyoulizia. Taratibu hubadilika, na msomaji aliyezuiliwa mzigo kwa sababu ya andiko lako hatakusoma tena.

Na kuna bidhaa za kutotangaza hovyo. Kahawa ghafi ina sheria na vibali vyake, na nafaka huwekewa masharti kwa nyakati fulani. Ukurasa wa blogu unasomwa na wote, maofisa wakiwemo. Usijitangazie kesi.

Matapeli nao wanasoma

Picha yako nzuri ya maharage inaweza kuibwa leo na kutumiwa kesho na mtu aliye mbali, anayepokea malipo ya awali na kuzima simu. Ubaya unamwangukia aliyelipa, na jina linaloharibika ni la Muyinga yote.

Jikinge kwa njia zilizo ndani ya uwezo wako. Andika jina la duka juu ya kila picha. Piga baadhi ya picha zenye kitu kinachotambulika: mlango wa duka, mizani yako, karatasi yenye tarehe ya leo juu ya gunia. Weka namba moja tu ya simu na uitaje kila mara, ukisema wazi: «Hatupokei malipo kwa namba nyingine yoyote». Jina linalotokea mtu anapokutumia fedha kwa Lumicash au EcoCash lilingane na jina ulilolitaja kwenye blogu. Mteja mpya mruhusu aje, au amtume ndugu yake aone mzigo kabla ya kulipa. Utampoteza mmoja asiye na subira, utawapata watano waliowahi kuumwa na nyoka.

Picha za wateja na majina yao usiziweke bila ruhusa. Si kila anayenunua hutaka majirani wajue ana magunia 40.

Kuanza kwa simu uliyo nayo

Huhitaji kompyuta. Blogger ya Google ni ya bure, inahitaji anwani ya Gmail tu, na ipo tangu mwaka 1999. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, nayo ina huduma ya bure. Zote mbili zinaandikika kwa simu. Chagua jina lenye bidhaa na mahali, lisilo refu, kwa sababu jina hilo ndilo msomaji na Google watakalolisoma kwanza. Jina la mtoto wako wa kwanza ni zuri, lakini halimwambii mtu wa Kahama unauza nini.

Umeme na mtandao vina siku zao. Kwa hiyo andika maneno yako kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu ndani ya simu wakati wowote, hata bila bando, kisha nakili na kupandisha mtandao ukitulia. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuziweka, picha tatu zinatosha. Kumbuka msomaji naye ananunua bando, na ukurasa mzito ataufunga kabla haujafunguka.

Chini ya kila andiko weka kiungo cha WhatsApp: andika wa.me/ ikifuatiwa na namba yako kuanzia 257, bila alama ya kujumlisha. Akibonyeza, mazungumzo hufunguka moja kwa moja bila kuhifadhi namba. Kama una duka lisilohamahama, lisajili pia kwenye ramani ya Google, bila malipo, ili mgeni aongozwe na simu yake mpaka mlangoni. Kisha kila ukichapisha andiko jipya, peleka kiungo chake kwenye stetasi na makundi yako. Hapo ndipo stetasi inapofanya kazi yake: kupiga kengele, na blogu kueleza.

Andiko moja kwa wiki linatosha. Wawili au watatu wenye bidhaa tofauti wanaweza kuungana katika blogu moja, mmoja wa maharage, mmoja wa vikapu, mmoja wa usafiri, kila mmoja akichukua wiki yake. Aliyesoma shule kidogo aseme, kijana wa nyumbani aandike.

Halafu pima. Kila mteja mpya muulize: «Umetupataje?» Andika jibu kwenye daftari la mauzo. Baada ya miezi mitatu hesabu. Wiki za kwanza usitegemee kitu, Google huchelewa kuujua ukurasa mpya. Miezi sita ikipita bila mteja hata mmoja, tazama upya unachokiandika: huenda unajibu maswali ambayo hakuna anayeuliza.

Blogu haitaleta mafuta kwenye vituo wala kuziba mashimo ya barabara, na dalali ataendelea kuwa na kazi yake, maana wapo wasiosoma na mizigo isiyongoja. Inachofanya ni kukuwezesha kuondoka Gitega mzigo ukiwa na jina la mnunuzi, na bei mkiwa mmekubaliana kabla gari halijawashwa.

Anza na bidhaa moja unayoijua kuliko yeyote. Andika maneno 80. Kabla ya kuyachapisha, msomee mtu asiyefanya biashara yako, na usimweleze kitu. Akiuliza swali, jibu la swali hilo ndilo lililokosekana. Liongeze, kisha bonyeza.